Sugu za Vidole Haziuzwi Dukani

Tumeshazungumza hapa kuhusu presha, kisukari, maumivu ya mgongo na giza la majira ya baridi. Leo naomba mnivumilie, maana nataka kuzungumzia magitaa. Najua mtu atauliza, "Dada nesi, gitaa na afya wapi na wapi?" Subiri kidogo, tutafika.

Kama wewe si mpiga gitaa usiondoke. Mahali ninapoandika gitaa, weka kinanda, kamera, cherehani au viatu vya kukimbilia ulivyonunua Januari na bado vimo ndani ya boksi lake. Ugonjwa ni huo huo.

ILIVYOANZA KWANGU

Nianze na mimi mwenyewe, kwa sababu nyani haoni kundule. Mimi ni mzaliwa wa Morogoro. Nilisomea uuguzi nyumbani Tanzania, nikafanya kazi miaka michache, halafu nikaja Uingereza nikasoma tena. Tunaishi Kingsbury, kaskazini magharibi ya London. Wanaopajua wanajua raha yake: unaingia dukani Kingsbury Road kutafuta mihogo na bamia, mara mzee wa Kihindi aliyezaliwa Kisumu au Kampala anakuuliza kwa Kiswahili, "Mama, hujambo? Leo tumepata ndizi nzuri." Unasahau kwa dakika mbili kwamba uko mbali na kwenu.

Baba yangu ni mpenzi mkubwa wa muziki wa dansi, na kwa mtu wa Morogoro hilo si jambo la kushangaza. Mji wetu ndio wa Morogoro Jazz na Cuban Marimba. Nyumbani, redio ikianza kupiga zilipendwa hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Mimi nilijifunza kodi tatu nikiwa kwenye kwaya ya chuo cha uuguzi (kodi za gitaa nasema, ya nyumba tutaifikia huko chini).

Miaka mitatu iliyopita, baada ya kipindi kirefu cha naiti, nikajiambia nirudie gitaa ili nipumzishe akili. Nikanunua gitaa kavu lililotumika, pauni 90. Lilikuwa zuri tu. Lakini nikasoma mahali kwamba gitaa la umeme ni jepesi kwa vidole, nikanunua moja la pauni 420. Gitaa la umeme linataka amplifaya, pauni 280. Amplifaya ikanionyesha kwamba sauti yangu haifanani na ile ya rekodi za zamani, nikaanza kununua pedali, yaani vile vidude vya kukanyaga kwa mguu vya kubadilisha sauti. Vikafika vitano, pauni 410. Kisha gitaa la tatu, kavu lakini lina waya, pauni 650. Mikoba, stendi, nyaya na vikorokoro vingine, pauni 150. Jumlisha mwenyewe: pauni 2,000 kamili.

Na nilikuwa napiga nini? Mwanzo wa wimbo mmoja. Mwanzo tu! Binti yangu wa miaka kumi akaniuliza siku moja, "Mama, huo wimbo hauna katikati?"

Hilo nililicheka. La pili sikulicheka. Baba yangu ana miaka 78 na macho yake yamefifia sana, hivyo picha za simu hazimsaidii, anachotaka ni sauti. Jumapili moja akaniambia, "Nasikia una magitaa mengi huko. Nipigie basi ule wa zamani, wote." Nikaweka simu mezani, nikapiga mwanzo vizuri kabisa, halafu vidole vikagoma. Kimya. Baba akauliza, "Mtandao umekata?" Nikajibu, "Ndiyo, Baba, umekata."

Nilimdanganya baba yangu mzee nikiwa nimezungukwa na vyombo vya pauni 2,000. Siku hiyo ndipo nilipoanza kujitazama kama ninavyomtazama mgonjwa wodini.

JE, HUU NI UGONJWA?

Wapiga gitaa wa Ulaya na Marekani wana jina la utani la hali hii, wanaiita GAS. Jina hilo lilienezwa miaka ya 1990 na Walter Becker, mpiga gitaa wa bendi ya Steely Dan, aliyeandika kwa mzaha kuhusu watu wasioweza kuacha kununua magitaa. Ni utani, hutalikuta kwenye cheti cha daktari. Lakini kununua vitu kwa kushindwa kujizuia, mpaka pesa, usingizi na ndoa vikaanza kuharibika, ni tatizo ambalo wataalamu wa afya ya akili wanalitambua na linatibika.

Kinachotokea kichwani ni hiki. Ubongo una kemikali iitwayo dopamini, ambayo kazi yake kubwa ni kutusukuma tutafute kitu tunachokitarajia. Haisubiri ukipate. Inapanda pale unapokitazama kwenye simu, unaposoma sifa zake, unapofuatilia boksi limefika wapi. Boksi likishafunguliwa, msisimko unashuka haraka. Ndiyo maana siku ya tatu unatazama kingine. Tulikuja kubeba maboksi, sasa maboksi yanatubeba sisi!

Kwa hiyo usijiite mpumbavu. Ubongo wako unafanya kazi yake ya kawaida, na wenye maduka wanaujua vizuri kuliko wewe.

KWA NINI SISI WA UGHAIBUNI TUNASHIKWA UPESI?

Haya ninayaona kwa watu wetu na kwangu mwenyewe:

1. Hatuna muda, lakini tuna kadi. Ukitoka shifti ya saa kumi na mbili huna nguvu ya kufanya mazoezi ya vidole. Kubonyeza "nunua" kunataka sekunde mbili. Tunanunua chombo badala ya muda tusiokuwa nao.

2. Saa za naiti. Saa tisa usiku mwili umechoka na uwezo wa kujizuia umepungua. Ukitazama risiti zako, angalia saa. Zangu nyingi zilikuwa kati ya saa nane na saa kumi na moja alfajiri, wakati wa mapumziko ya kazini.

3. Upweke na kukumbuka nyumbani. Mtu ananunua gitaa, kumbe anatafuta baraza la kwao, sauti ya redio, wajomba waliokuwa wakicheza dansi. Hivyo haviji na posta.

4. Tulikosa utotoni. Wengi tulitengeneza magitaa ya kopo la mafuta na nyuzi za kuvulia samaki. Leo unapoweza kununua la kweli, moyo unasema "nilipe deni la utoto". Si vibaya kulilipa mara moja. Shida ni kulilipa kila mwisho wa mwezi.

KAKA WA MABOKSI KWENYE BUTI

Kaka mmoja nilikutana naye kwenye msiba hapa Wembley (sisi tusipofiwa hatuonani). Ameniruhusu nisimulie, na nimebadilisha mambo kadhaa ili asitambulike. Ana kazi mbili, mke na watoto. Alikuwa akificha magitaa kwenye buti ya gari mpaka mke akienda kazini, ndipo anayaingiza ndani. Simu anaitazama chooni. Pesa hazionekani zinakokwenda. Mkewe akaamua moja kwa moja kwamba bwana ana nyumba ndogo!

Alipofungua buti, mama wa watu akalia, kisha akacheka, kisha akalia tena alipoona deni la kadi: pauni 3,800. Kaka alikuwa halali, presha imepanda, na kodi ya nyumba ilikuwa imechelewa miezi miwili. Nilipomuuliza mara ya mwisho kupiga gitaa ni lini, alifikiri kidogo akasema, "Dada, nadhani Krismasi." Ilikuwa Agosti.

Mnaona sasa kwa nini mada hii imekuja kwenye ukurasa wa afya.

WAZEE WETU WALIPIGA NA NINI?

Tukumbuke tulikotoka. Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi kijana mmoja wa Katanga huko Jadotville, mji unaoitwa sasa Likasi. Kijana huyo alikuwa Jean-Bosco Mwenda, na moja ya nyimbo zake, "Masanga", ilimfanya ajulikane mbali sana na Kongo. Alikuwa na gitaa kavu moja. Alicharaza kwa kidole gumba na kidole cha shahada, na mpaka leo wapiga gitaa wa Ulaya wanakaa chini kujifunza alivyofanya.

Njoo Tanzania. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na baada ya kubadilisha majina mara kadhaa ndiyo Msondo Ngoma ya leo. Katika bendi nyingi za wakati ule vyombo havikuwa mali ya wanamuziki. Vilikuwa mali ya chama, jeshi, kiwanda au tajiri aliyewaajiri. Mpiga solo aliyetikisa Dar es Salaam nzima Jumamosi, Jumatatu anaweza kuwa hana gitaa nyumbani. Ukihama bendi, unaliacha gitaa, unaondoka na vidole vyako.

Mbaraka Mwinshehe wa kwetu Morogoro alikulia kwenye mfumo huo ndani ya Morogoro Jazz, kabla ya kuanzisha Super Volcano mwaka 1973. Alifariki kwa ajali ya gari Mombasa Januari 1979, akiwa bado kijana. Sauti ya gitaa lake bado tunaitafuta kwenye pedali za pauni 100. Sauti ile ilitoka kwenye mazoezi ya kila siku ya bendi na kupiga mpaka usiku wa manane mbele ya watu.

Sisemi umaskini wa vyombo ni jambo la kusifia. Wazee wale waliteseka, na wengi wangefurahi kumiliki hata moja ya hayo uliyotundika ukutani. Kuwa na gitaa lako ni neema. Ninachosema ni kwamba walichokuwa nacho wao, ambacho mimi sikuwa nacho, ni saa nyingi za kupiga. Sugu za vidole haziuzwi dukani. Huwa zinaota zenyewe baada ya wiki chache za kubonyeza nyuzi mara kwa mara, na ukiacha, zinapotea.

DAWA IMO KWENYE KUPIGA

Kupiga kunafanya nini mwilini ambacho kununua hakifanyi? Unapopiga, masikio, macho, mikono na kumbukumbu vinafanya kazi pamoja. Kwa robo saa akili haina nafasi ya kuwaza bili wala maneno ya meneja. Ukipiga na wenzako unapata na dawa ya upweke juu yake.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui: vidole vinajifunza pia ukiwa umelala. Mazoezi mafupi ya mara kwa mara yanashinda mazoezi ya saa nne ya siku moja kwa mwezi, na usingizi ndio unaoyakaza kichwani kile ulichofanya mchana. Kwa hiyo anayekesha akitazama magitaa kwenye simu anapoteza mara mbili: hakupiga, na usingizi ambao ungemsaidia kujifunza ameuharibu.

CHATI YA KUINGIA NA KUTOKA

Wodini tuna chati ambayo kila nesi anaijua: maji yaliyoingia mwilini mwa mgonjwa upande huu, yaliyotoka upande ule. Haimgombezi mgonjwa. Inaonyesha ukweli tu. Nilijitengenezea yangu kwenye daftari la shule la binti yangu. Upande wa kushoto: dakika za kutazama, kusoma na kununua vyombo. Upande wa kulia: dakika za kupiga.

Wiki ya kwanza, kushoto: saa 6 na dakika 20. Kulia: dakika 35. Niliaibika, lakini sasa nilijua nina ugonjwa gani. Fanya hivyo wiki moja kabla ya kubadilisha chochote. Usidanganye, hakuna atakayeliona hilo daftari.

DOZI NINAYOPENDEKEZA

Dakika 15 kwa siku, siku 5 kwa wiki. Usidharau! Ni dakika 75 kwa wiki, na kwa mwaka ni saa 65. Tumia hivi:

- Dakika 2: tyuni gitaa na uamshe vidole polepole. Programu ya kutyuni ya bure kwenye simu inatosha.
- Dakika 8: sehemu moja ngumu tu, taratibu kama unamwonyesha mtoto. Si mwanzo unaoujua! Nenda pale unapokwamia.
- Dakika 5: wimbo mzima bila kusimama, hata ukikosea. Ukikosea endelea, kama kwenye sherehe.

Gitaa likae nje ya mkoba, mahali unapopita. Lililofungiwa kabatini halipigwi. Chagua MOJA kwa miezi mitatu, mengine yafunike. Kama unafanya naiti, piga mchana baada ya kuamka, si asubuhi unapotoka kazini ukiwa unasinzia. Na nyumba zetu hizi ukuta ni mmoja na jirani. Kati ya saa tano usiku na saa moja asubuhi ndizo saa ambazo sheria ya kelele ya mwaka 1996 inazihesabu kuwa za usiku, kwa hiyo amplifaya izimwe au tumia visikilizio.

Tafuta na mtu wa kupiga naye: kwaya ya kanisani, rafiki mwenye ngoma, mtoto wako. Kukiwa na jua, beba gitaa kavu uende Roe Green Park. Ukiahidi kumpigia mtu wimbo mmoja tarehe fulani, utafanya mazoezi. Ukijiahidi mwenyewe, utatazama simu.

KABLA HUJANUNUA KINGINE

1. Siku 30. Andika jina la chombo na tarehe. Kama baada ya siku 30 bado unakihitaji, na dakika zako za kupiga zimezidi za kutazama, ongea na mwenzio kisha ununue.

2. Wimbo mmoja mzima kwanza. Huwezi kuupiga toka mwanzo mpaka mwisho? Basi tatizo si chombo.

3. Kimoja kiingie, kimoja kitoke. Uza, au mpe kijana anayeanza.

4. Pesa ya gitaa itoke baada ya kodi ya nyumba, kodi ya halmashauri, umeme, chakula na ile ya kutuma nyumbani. Si kabla.

5. Futa kadi yako kwenye simu. Ukilazimika kuinuka kitandani kuitafuta pochi, mara nyingi utalala.

6. Ijue haki yako. Ukinunua kwa mtandao au simu kutoka kwa mfanyabiashara wa Uingereza, kwa kawaida una siku 14 tangu upokee mzigo za kubatilisha ununuzi, na siku 14 nyingine za kurudisha, hata kama chombo hakina kasoro. Gharama ya kurudisha inaweza kuwa juu yako. Haki hiyo haihusu kitu ulichokinunua ukiwa dukani, wala kwa mtu binafsi.

7. Ukitaka kujaribu, nenda mwenyewe. Kutoka Kingsbury panda Jubilee mpaka Bond Street, badilisha treni ushuke Tottenham Court Road, Denmark Street iko hapo hapo. Ni mtaa wenye historia ndefu ya maduka ya magitaa. Acha kadi nyumbani, beba nauli tu!

Kuna vitu vinavyofaa kununuliwa: nyuzi mpya, kiti kisicho na mikono, na malipo ya fundi wa kushusha nyuzi zilizo juu mno. Wengi wanadhani vidole vinauma kwa sababu gitaa ni la bei ndogo, kumbe nyuzi ziko juu tu. Na anayepiga kila wiki kanisani au harusini anahitaji chombo cha kuaminika, hilo sipingi. Hata kukusanya magitaa si kosa kama pesa ni yako na nyumba imetulia. Ila likiitwe jina lake: unakusanya. Usijiambie unajifunza.

MIKONO NA MASIKIO

Ukishaanza kupiga kweli, usikimbie kutoka dakika sifuri mpaka saa tatu kwa siku. Ncha za vidole kuuma mwanzoni ni kawaida. Maumivu ya kifundo cha mkono au kiwiko si kawaida: pumzika, kisha urudi kidogo kidogo. Ukipata ganzi au kuwashwa kama sindano kwenye kidole gumba, cha shahada na cha kati, hasa usiku, huenda mshipa wa fahamu umebanwa kwenye kifundo. Wanaofanya usafi, wanaoinua wagonjwa na wanaofanya kazi za ghala wako hatarini zaidi, maana mikono yao imeshachoka kabla ya gitaa. Ganzi isipoondoka au mkono ukiishiwa nguvu, muone GP.

Masikio hayaoti tena. Kwa sauti ya desibeli 85, kiwango kinachokubalika ni kama saa 8 kwa siku, na kila desibeli 3 zinazoongezeka zinakata muda huo nusu. Yaani ikifika 94, ni saa moja tu. Visikilizio navyo vinahesabika. Masikio yakilia ngiii baada ya kupiga, hiyo ni onyo. Punguza sauti, na ukipiga na bendi vaa vizibo.

IKIWA IMESHAFIKA KWENYE DENI

Dalili za hatari ni hizi: unaficha maboksi au risiti, unakopa kununua, umechelewesha kodi ya nyumba, unanunua ukiwa na huzuni na baada yake unajichukia, au umejaribu kuacha zaidi ya mara moja ukashindwa. Ukiona mawili kati ya hayo, usibaki peke yako.

- Mwambie mwenzio leo. Siri ndiyo inayolisha ugonjwa huu.
- Ushauri wa madeni hapa Uingereza ni wa bure kwa StepChange, National Debtline na Citizens Advice. Usimlipe mtu anayekuahidi kufuta madeni yako.
- Tangu Mei 2021, England na Wales kuna mpango uitwao Breathing Space. Ukiombewa na mshauri wa madeni na ukikubaliwa, kwa siku 60 wadai wengi hawaruhusiwi kukusumbua wala kuongeza riba kwenye madeni yaliyomo. Unapata nafasi ya kupumua, lakini deni lenyewe bado lipo.
- Kwa England unaweza kujiandikisha mwenyewe kwenye NHS Talking Therapies bila kupitia kwa GP. Omba mkalimani kama Kiingereza kinakusumbua. Tiba ya mazungumzo inasaidia wengi wenye shida hii.
- Ukiwa na mawazo ya kujidhuru, piga 111 uchague namba 2, au Samaritans 116 123, simu ni bure mchana na usiku. Kama hatari ni ya sasa hivi, piga 999.

Yule kaka amefuata njia hii. Ameuza magitaa manne, deni bado analilipa kidogo kidogo, na Jumapili anapiga besi kanisani kwa gitaa la kanisa. Mkewe anakaa mstari wa mbele, nadhani kwa kumlinda!

NIMALIZIE

Mimi nimebaki na lile la pauni 90 na moja la umeme. Mengine nimeyauza, nikapata kama nusu ya nilichotoa, basi. Daftari bado ninaandika. Wiki iliyopita kushoto ilikuwa dakika 50, kulia dakika 80. Kuna wiki narudi nyuma, hasa nikiwa na naiti nne mfululizo.

Mwezi jana, Jumapili, nilimpigia Baba simu, nikaiweka mezani nikamwambia asikate. Nikapiga ule wimbo wake toka mwanzo mpaka mwisho. Nilikosea mara mbili katikati, nikaendelea. Nilipomaliza alikaa kimya kidogo. Kisha akasema, "Leo mtandao ni mzuri."

Haya ndugu zangu, kwa leo niishie hapa. Mwenye gitaa akalishike dakika 15 kabla ya kulala, mwenye maboksi ayafungue. Tukutane tena hapa hapa, Mungu akipenda. Afya ni mtaji, tuitunze.